UFUNGUO WA DISKI YAKO UKO MFUKONI MWA NANI?

Najua wengi wenu mmezoea kukuta katika kurasa hizi maoni juu ya sare, foleni ya chakula na wanaozungumza Sheng mbele ya mlezi wa chama. Mimi naomba nizungumzie jambo ambalo halijadiliwi sana hapa shuleni, ingawa linatuhusu sote: ufunguo wa diski ya tarakilishi. (Wapo waliosema ngamizi na wapo wasemao kompyuta. Sitaki ugomvi, nitatumia neno litakalonijia kwanza.)

Sisi wa Buru mambo ya funguo tunayajua. Mtaa wetu ulijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, na nyumba nyingi zikapangwa kwa vikundi vinavyotazamana kuzunguka ua mmoja, ambao wenyeji huuita koti. Si koti la kuvaa, jamani! Baadaye wakazi wakaweka mageti. Siku hizi kila familia ya koti ina ufunguo wa geti, ama inamtegemea bawabu. Lakini mlango wa nyumba ni hadithi nyingine. Hakuna mama wa Phase Two atakayemkabidhi bawabu ufunguo wa chumba chake cha kulala eti kwa sababu bawabu ni mtu mzuri. Bawabu anaweza kuwa mtu mzuri kweli, tena mcha Mungu, na bado ufunguo huo si wake.

Basi hoja yangu ni hii. Mtu akichagua mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, yaani Windows, macOS, Linux na kadhalika, huwa anauliza: Je, unapendeza? Je, michezo itacheza? Je, ni bei gani? Maswali mazuri hayo. Ila liko swali moja ambalo lafaa litangulie: mfumo huu ukifunga diski yangu, ufunguo unachongwa na nani, na nakala yake inabaki kwa nani?

Kwanza tuelewane kuhusu kufuli yenyewe. Wengi hudhani kwamba nywila unayoandika kompyuta inapowaka ndiyo inayolinda kazi zako. La hasha! Ikiwa diski haijasimbwa, mwizi anahitaji bisibisi tu. Anaifungua mashine, anaichomoa diski, anaiunganisha na kompyuta nyingine, na insha zako, picha zako na barua zako zote zinasomeka peupe. Nywila ilikuwa pazia tu, wala si mlango.

Mlango wenyewe unaitwa usimbaji fiche. Kila kinachoandikwa kwenye diski huvurugwa kwa hesabu ngumu mpaka kiwe takataka isiyosomeka, na hurudi kuwa maneno pale tu ufunguo sahihi unapotumika. Hesabu inayotumika sana inaitwa AES. Ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na Marekani ikaifanya kanuni rasmi mwaka wa 2001. BitLocker ya Windows inaitumia. FileVault ya Apple inaitumia. LUKS ya Linux, iliyoanza mwaka wa 2004, nayo huitumia kwa kawaida. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba kufuli ya huyu ni chuma na ya yule ni bati. Tofauti kubwa iko kwenye ufunguo.

Tuanze na Windows, maana ndiyo iliyojaa mitaani. Ukinunua laptopu mpya yenye Windows 11 na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi mashine hujifunga diski yenyewe bila kukuuliza sana. Toleo la mwaka wa 2024 liliongeza idadi ya mashine zinazofanya hivyo. Kisha hutengenezwa ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, makundi manane ya tarakimu sita sita, na nakala yake hutumwa kwenye akaunti ile, yaani kwenye mitambo ya kampuni. Ukiingia kwa akaunti ya shule au ya kazini, ufunguo unaweza kwenda kwa shule au mwajiri. Wenye toleo la Pro wanaweza kuchagua ufunguo uchapishwe kwenye karatasi au uwekwe kwenye flashi. Lakini ni wangapi wanaojua kwamba kuna la kuchagua?

Sisemi kwamba Microsoft walikuwa na nia mbaya. Binadamu ni msahaulifu, na aliyesahau akakuta ufunguo wake umehifadhiwa hushukuru. Hata hivyo, ufunguo unaowekwa na mtu mwingine huleta mambo mawili, na yote mawili yamekwisha kutokea.

La kwanza limetokea nyumbani kwetu. Binamu yangu mmoja, msichana anayesoma chuo, alinunua laptopu ya mtumba, zile tunazoziita eksi-yuke, katika duka moja mjini. Muuzaji alikuwa amekwisha kuiandaa kwa akaunti aliyoifungua mwenyewe, ili mnunuzi aikute iko tayari. Binamu akaitumia mwaka mzima bila shida. Siku moja fundi akabadilisha kitu fulani ndani ya mashine, na ilipowaka tena ikadai tarakimu 48. Tarakimu gani tena? Binamu hakuwahi kuziona maishani. Alirudi dukani akaambiwa akaunti ile haikumbukwi hata jina, kwani zilifunguliwa nyingi. Fundi naye akasema dawa ni moja tu, kufuta kila kitu. Mradi wake wa chuo wa miezi minne ukaenda na maji. Kufuli ilifanya kazi yake barabara, ila ilimfungia nje mwenye nyumba. Ama kweli, nguo ya kuazima haisitiri matako.

La pili lilitokea mbali, katika kisiwa cha Guam kilichoko bahari ya Pasifiki na kinachotawaliwa na Marekani. Wapelelezi wa FBI walikuwa wakichunguza madai ya wizi wa fedha zilizotolewa kuwasaidia waliopoteza kazi wakati wa korona. Walikuwa na laptopu tatu zilizofungwa kwa BitLocker, na hawakuweza kuzifungua. Basi wakaenda kwa Microsoft wakiwa na hati ya mahakama, na kampuni ikawapa funguo. Habari hiyo ilitangazwa na gazeti la Forbes mnamo Januari 2026, na kampuni yenyewe ikaeleza kwamba hupokea maombi kama 20 ya namna hiyo kwa mwaka, na kwamba mara nyingi haiwezi kusaidia kwa kuwa mwenye mashine hakuweka ufunguo kwake.

Hebu yasome tena maneno hayo ya mwisho. Haiwezi kusaidia kwa kuwa ufunguo haiko nao! Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Asiye na ufunguo hawezi kuutoa: si kwa hati, si kwa hongo, si kwa vitisho, wala kwa kuibiwa na wadukuzi. Aliye nao anaweza kulazimishwa hata kama ni malaika.

Nasikia mwenzangu akiguna, “Kwani wewe una nini cha kuficha? Asiye na hatia haogopi!” Ndugu yangu, sijasema wahalifu wafichwe. Mahakama ikitaka kuona kilicho ndani ya kompyuta yangu, na ije kwangu, ibishe hodi, inionyeshe hati. Nitajua kwamba nyumba yangu inapekuliwa, na nitamtafuta wakili. Ufunguo ukiwa kwa mwingine, upekuzi waweza kwisha nami ningali naosha vyombo. Tena Katiba yetu ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na faragha ya mambo ya familia yake na ya mawasiliano yake. Haikusema haki hiyo ni ya wenye hatia, wala haikusema ni ya watu wazima pekee.

Sasa tuje hapa hapa shuleni, maana kuna wanaodhani mambo haya ni ya wakubwa wenye pesa. Kompyuta ya chama chetu ina nini? Ina mashairi na insha, ndiyo. Lakini pia ina barua zote zinazoletwa kwa safu ya Shangazi. Ninyi mnaozisoma jaridani mnaziona zikiwa zimefutwa majina. Sisi tunaozipiga chapa tunaziona zilivyo. Yupo anayeeleza yanayotendeka kwao usiku baba akirudi amelewa. Yupo aliyekosa karo akaambiwa na mtu mzima maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya barua hizo ni ile kompyuta iliyo juu ya meza karibu na dirisha. Ikiibwa leo, nani atasoma? Na je, mwanafunzi akijua inaweza kusomwa na yeyote, ataandika tena? Hataandika. Atanyamaza na shida yake.

Sheria nayo haikulala. Tangu mwaka wa 2019 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data, na yuko Kamishna anayeisimamia. Mnamo Septemba 2023 ofisi yake ilitoza shule moja ya Uthiru, hapa Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Milioni nne na nusu kwa ajili ya picha! Je, barua za siri?

Ndipo tunarudi kwenye swali la mfumo wa uendeshaji, na kwetu halina muda wa kusubiri. Kompyuta ya chama inatumia Windows 10, na usaidizi wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa zisizo kuukuu, vitu ambavyo mzee wetu huyu hana. Wako wanaopendekeza tuchangishe pesa tununue mashine nyingine. Wako wanaosema tuendelee hivyo hivyo, mos mos, tumwachie Mungu. Mimi nasema tuweke Linux, tena tuisimbe diski siku ile ile ya kuiweka.

Sababu ya kwanza ni ufunguo. Ukiweka Ubuntu, kwa mfano, ukachagua diski isimbwe, unaandika fungu la maneno ulilotunga mwenyewe, na fungu hilo halitumwi popote. Hakuna akaunti wala kampuni inayoweka nakala. (FileVault ya Apple nayo kwa miaka mingi ilimwuliza mwenye mashine kama ufunguo uhifadhiwe kwenye iCloud ama auandike mwenyewe. Swali zuri, lakini nani hapa ana pesa za Mac?)

Sababu ya pili inakifaa chama hasa. LUKS ina nafasi za funguo: toleo la kwanza lilikuwa na nafasi 8, na la pili linaweza kuwa na hadi 32. Maana yake ni kwamba mlezi anaweza kuwa na fungu lake la maneno, mwenyekiti lake na katibu lake, na kila moja likafungua diski ile ile bila mmoja kujua la mwenziwe. Katibu wa Kidato cha Nne akimaliza mtihani na kwenda zake, tunafuta nafasi yake na kumwandalia katibu mpya. Hakuna haja ya kubadilisha kila kitu. Linganisheni na ilivyo leo, ambapo nywila ya chama imebandikwa chini ya kibodi, na hata vijana wa kandanda wanaijua!

Sababu ya tatu ni uwazi. Mwaka wa 1883 mtaalamu mmoja aitwaye Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba mfumo wa siri ulio mzuri ni ule ambao hata adui akijua kila kitu juu yake, isipokuwa ufunguo, bado hawezi kuufungua. Programu za Linux zimeandikwa peupe, na mwenye ujuzi yeyote duniani anaweza kuzisoma na kuona kama kufuli ina tundu la pembeni. Siamini kwamba kila mtu huzisoma. Mimi mwenyewe siwezi bado. Lakini afadhali mlango ambao mafundi elfu wanaruhusiwa kuukagua kuliko ule ambao fundi wake hujikagua mwenyewe.

Na kwa sisi wapenzi wa Kiswahili kuna la nne. Mnajua kwamba mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi uitwao Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili? Wataalamu wale waliweza kwa sababu programu ilikuwa huru, wakaifungua na kuitafsiri bila kumpigia mtu magoti. Na mwaka huo huo wa 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, neno ambalo ni ndugu wa damu wa “utu” wetu. Chama cha Kiswahili kikitumia mfumo wenye jina hilo, nani atatucheka?

Nakubali kwamba zipo pingamizi za haki. Somo la kompyuta hufundishwa zaidi kwa Windows, na mtahiniwa lazima azoee atakachokuta. Sawa. Kompyuta za maabara zibaki zilivyo. Ninazungumzia moja tu, yenye barua. Pingamizi la pili ni zito zaidi: tukilisahau fungu la maneno, hakuna wa kumpigia simu. Ni kweli, na si utani. Linux haina huruma kwa msahaulifu. Ndiyo maana hasemwi mtu aache ufunguo kwa kampuni halafu autunze kichwani tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo yaandikwe kwa kalamu kwenye karatasi, yatiwe ndani ya bahasha, bahasha ifungwe kwa gundi na kutiwa sahihi ya mlezi juu ya mkunjo, kisha ifungiwe kwenye kabati la chuma pamoja na vyeti. Bahasha ikifunguliwa, sote tutaona. Na kazi zetu zinakiliwe kila mwezi kwenye diski ya pili iliyosimbwa pia, kwa sababu usimbaji haumzuii diski kufa kifo chake cha kawaida.

Tena tusijidanganye. Diski iliyosimbwa inalindwa mashine ikiwa imezimwa. Ukiiacha inawaka ukaenda kucheza, umeacha mlango wazi na ufunguo ukining'inia kwenye tundu. Kufuli haimsaidii mzembe.

Kwa ninyi mtakaobaki na Windows nyumbani, na ndio wengi, sina ugomvi nanyi. Fanyeni mambo mawili wikendi hii. Kwanza, ulizeni kama diski imefungwa na ni kwa akaunti ya nani. Kama ni akaunti ya muuzaji, ya kaka aliyehama au ya kazi ya zamani ya mama, rekebisheni kabla ya fundi kuigusa mashine. Pili, zitafuteni tarakimu zenu 48, ziandikeni, ziwekwe nyumbani mahali pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Msizipige picha mkaiweka kwenye simu ambayo kila mtu anaishika, na msimpe fundi kwa sababu tu ameziomba kwa sauti ya upole.

Ninamwomba mlezi wetu na wanakamati walete jambo hili kwenye mkutano wa kwanza wa muhula ujao, na kura ipigwe. Niko tayari kukaa Jumamosi nzima na yeyote anayejua kazi hiyo, barua zinakiliwe kwanza, mfumo uwekwe, na bahasha itiwe sahihi mbele ya mashahidi. Haitagharimu chama senti isipokuwa bei ya flashi moja na bahasha. Wanafunzi wenzetu walituandikia siri zao wakiamini kwamba tuna mlango. Tuuweke basi, na ufunguo tukae nao wenyewe.

Wasalaam.

Mwanachama wa Kidato cha Tatu